Mlango wa Jiko Unapolegea

Huku Kinangop baridi ya Julai si mchezo, na nyumba kadhaa tunazozitembelea zina lile jiko la chuma la kuni lenye mlango na bomba la moshi. Mama mmoja alitulalamikia: "Siku hizi jiko linakula kuni, na asubuhi kichwa kinauma." Alikuwa ameshamlipa fundi mara mbili azibue bomba. Bomba halikuwa na neno. Ubaya ulikuwa mlangoni.

Majiko mengi ya aina hii yana kamba nene kwenye mfereji unaozunguka ukingo wa mlango kwa ndani. Ndiyo gasketi yake. Huziba mwanya kati ya chuma na chuma. Mlango usipobana, hewa huingia bila ruhusa, kuni zinawaka mbio, na usiku ukitaka moto upungue haupungui. Upepo ukigeuka, moshi nao hurudi nyumbani pamoja na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hiyo huumiza kichwa, na ikizidi huua watu wakiwa wamelala. Kwa hivyo kabla hujarekebisha, usilale moto ukiwaka.

Kupima ni rahisi. Jiko likishapoa kabisa, bana kipande cha gazeti mlangoni, kisha ukivute. Kikikwama, hapo pazuri. Kikitoka bure, hapo panavuja. Zunguka pande zote. Kama ni upande wa komeo tu, usikimbilie dukani, pengine komeo limelegea na spana itamaliza kazi.

Kamba ikiwa imechomoka kipande tu na bado ni laini, irudishe kwa gundi ya kustahimili moto. Ikiwa imekuwa ngumu na kulika, inatoka yote. Lakini ngoja kwanza! Kwa jiko la zamani kamba hiyo yaweza kuwa ya asbesto, na kwa macho huwezi kujua. Vumbi lake huingia mapafuni na kuleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Usiikwangue wala kuivuta. Tafuta mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na watoto wakae mbali.

Kamba mpya iwe ya nyuzi za kioo, unene uliolingana na mfereji. Mingi huwa milimita 6 hadi 12, basi pima kabla ya kwenda mjini. Kwangua gundi kuukuu kwa bisibisi na brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Paka gundi mferejini, laza kamba bila kuivuta (ikivutwa inakuwa nyembamba), ncha zikutane bila kupandana. Weka karatasi ya nailoni katikati ili mlango usigande, ufunge, uache mpaka kesho. Toa nailoni, washa moto mdogo madirisha yakiwa wazi, kwa maana gundi hunuka mara ya kwanza. Jiko likipoa, rudia kipimo cha gazeti.

Tumeona watu wakiweka tyubu ya baisikeli. Mpira huungua, na moshi wake ni sumu zaidi ya ule uliokuwa unaukimbia. Udongo nao hupasuka ukifungua mlango mara mbili tatu.

Kwa yule mama, kamba ilikuwa nzima. Komeo ndilo lililokuwa limelegea, nati moja tu, na pesa za bomba zilikuwa zimeshaenda.