Unanunua Gari Kitale ama Bungoma? Anza na Jina Lenye Liko kwa Logbuku

Mahindi ikishavunwa Trans Nzoia na pesa ianze kuingia, kuna biashara ingine huamka Kitale: magari. Utaona Probox imeoshwa ikang'aa, imepakiwa kando ya barabara na karatasi kwa kioo, INAUZWA, na namba ya simu chini. Bungoma ni hivyo hivyo. Sacco ikitoa mkopo, walimu wanaanza kuulizana nani anajua broka mpoa. Na karibu kila gari inakuja na hadithi moja: "Mkubwa, hii ilikuwa ya daktari. Alikuwa anaiendesha Jumapili tu, kwenda kanisa."

Wueh. Hao madaktari wote wangekuwa kwa hospitali zetu, hakungekuwa na laini asubuhi.

Sasa, si kila broka ni mwongo. Wengine hata hawajui ukweli, wao pia waliambiwa hiyo hadithi na broka mwingine. Shida ni kwamba wewe unakagua rangi, unaskiza injini, unapiga teke tairi, halafu unalipa laki tano kwa msee mwenye jina lake haliko mahali popote kwa makaratasi ya hiyo ndai.

Tuanze na ile rahisi. Ingia eCitizen, enda kwa huduma za NTSA, itisha rekodi ya gari ukitumia namba pleti, lipa 550. Utapata jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, na kama kuna zuio limewekwa. Fanya hii kitu mwenyewe, na simu yako, na pesa yako. Ukitumiwa PDF kwa WhatsApp eti "nimeshakusachia boss", shukuru, halafu usachi tena. Hiyo karatasi kijana yeyote wa saiba anaweza kuibadilisha kabla chai ipoe.

Kitu ya kwanza kuangalia ni kama jina kwa rekodi ni la huyo mtu mnaongea naye. Mara nyingi si lake, na hapo ndio wasee wengi wanaingizwa box, kwa sababu jibu huwa tamu: "Hiyo ni ya beshte yangu, alinipea kila kitu, niko na openi transfa."

Openi transfa ni nini? Zamani, wakati transfa ilikuwa fomu ya karatasi, mwenye gari alikuwa anasaini upande wake na kuacha upande wa mnunuzi bila jina. Hiyo fomu inatembea na gari. Broka anauzia broka, broka anauzia mkulima, mkulima anauzia boda aliyeomoka, na hakuna mtu analipia transfa mpaka apatikane mmoja mwenye anataka gari iwe kwa jina lake. Siku hizi transfa iko kwa mtandao: muuzaji anaanzisha kwa akaunti yake, mnunuzi anakubali kwa yake. Lakini tabia haikuisha na karatasi. Watu bado wanauziana na agrimenti ya loya na logbuku mkononi, wakisema transfa itafanywa "baadaye".

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haina hiyo baadaye. Kifungu cha 9 kinasema gari ikibadilisha mwenyewe, haifai kuwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya asajiliwe. Na kifungu cha 8 kinasema mwenye jina lake limesajiliwa ndiye anachukuliwa kuwa mwenye gari, mpaka mtu athibitishe vingine. Ukiwa na agrimenti unaweza kuthibitisha, ndio. Kotini. Na gari imepakiwa polisi ikingoja, kuku wanalala juu yake.

Chukua mfano. Tuseme gari ilisajiliwa 2015 kwa jina la mwalimu wa Kimilili. 2018 akauzia msee wa Webuye, hawakufanya transfa. Huyo wa Webuye 2020 akauzia broka wa Kitale. Broka anakuuzia wewe. Kila mtu hapo alilipa, hakuna aliyeibia mwenzake. Lakini ukiuliza mwalimu yuko wapi ndio aanzishe transfa, unaambiwa alizikwa 2021.

Sasa hapo mambo imebadilika kabisa. Kwa rekodi, gari ni sehemu ya mali ya marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinafanya iwe kosa kuingilia mali ya mtu aliyefariki bila kibali. Familia lazima iende kortini, ichukue hati ya kusimamia mali, na hiyo hati kwa kawaida inathibitishwa baada ya miezi sita, kama hakuna mtu wa kupinga. Na kama mzee aliacha mabibi wawili wasiosalimiana, hesabu yako mwenyewe. Mtoto wake akikutana na hiyo gari Chwele siku ya soko na hajui iliuzwa, ataona tu gari ya baba yake inaendeshwa na mtu hamjui. Wewe ungefanya nini?

Kwa hivyo, kama jina si la muuzaji, itisha namba ya mwenye jina na umpigie. Uliza vitu ambazo broka hawezi kumfundisha haraka: ulinunua wapi, mwaka gani, ulimuuzia nani. Kama ni jina la kampuni, itisha CR12 ndio ujue wakurugenzi ni nani, na barua yao ya kukubali kuuza.

Kuna kesi ingine: majina mawili kwa rekodi, la mtu na la benki ama kampuni ya mikopo. Hiyo ni mkopo wa logbuku. Gari ni ya wote wawili mpaka deni liishe, na huyo jamaa hawezi kukuuzia nusu ya benki. Dawa ipo, lakini ni moja: lipa mkopeshaji moja kwa moja, upewe barua kwamba deni limeisha, jina lao litolewe, halafu kilichobaki ndio muuzaji apate. Shailoki wa mtaa ni noma zaidi kwa sababu yeye hashughuliki na kusajili, anashikilia logbuku kwa droo tu. Rekodi itatoka safi, lakini logbuku "iko nyumbani", "iko kwa wakili", "ilipotea". Tangu Sheria ya mwaka wa 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, kuna rejista ya dhamana kwa eCitizen. Unaweza kusachi huko na namba ya kitambulisho cha muuzaji uone kama ameweka kitu rehani.

Halafu kuna sisi wa huku, tulio karibu na Uganda. Kutoka Kitale ni Suam, kutoka Bungoma ni Lwakhakha, na Malaba si mbali. Ndio maana utapata ofa ya gari ya bei ya kushangaza, "ni ya Uganda lakini tutaibadilisha pleti". Skiza. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Uganda ilikuja kufunga mlango 2018, na iliufunga kwa miaka 15. Kwa hivyo gari ya miaka 12 inaweza kuwa halali kabisa Mbale na isiwe na njia yoyote ya kupata pleti ya Kenya. Pia kuna gari za transiti, zinatoka Mombasa zikiwa safarini kuvuka mpaka, ushuru wa Kenya haujalipwa, halafu "zinapotea" njiani. Forodha wakikupata nayo wanaichukua, na stori yako kwamba ulilipa cash haiwasaidii wala haikusaidii.

Pleti pia inadanganya kwa njia ya upole. KBA ilianza 2007, KCA 2014, KDA 2020, lakini hiyo ni lini gari ilisajiliwa Kenya, si lini ilitengenezwa. KDA inaweza kuwa ilikula miaka saba Japani. "Mwenye wa kwanza" ni wa kwanza hapa tu. Kama muuzaji ako na karatasi ya mnada wa Japani, linganisha kilomita zake na za odomita. Odomita ikiwa na kidogo kuliko karatasi, wasalimie uende.

Kwa gari yenyewe, mwambie fundi wako, si wa broka, akuonyeshe namba ya chesisi imechongwa wapi. Ilingane na rekodi herufi kwa herufi, na isikae kama imesuguliwa. Angalia vioo na saidi mira: Wakenya wengi huchonga namba pleti hapo, so kioo kimoja kikiwa na namba ingine, uliza. Kwa Probox angalia chini ya rangi kama kuna alama ya ule mstari wa njano. Gari iliyobeba watu tisa Kitale-Kapenguria kila siku haijakuwa ya kanisa.

Pesa itume kwa akaunti ya benki yenye jina lile lile la logbuku. Weka depo kidogo, muuzaji aanzishe transfa, ukubali kwa simu yako, ndio umalizie. Na kama mwenye jina yuko Nairobi, si lazima apande basi, anaweza kuanzisha transfa akiwa huko huko. So ukiambiwa "mwenyewe hapatikani wiki hii lakini leta pesa leo", mwambie ni sawa, utakuja hiyo wiki atapatikana.