Mkate Mmoja, Majina Mawili: Wagiriki Walivyogombania Lugha Yao

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea hebu tazama mkononi mwako. Umeshika karatasi. Huenda una kalamu mfukoni. Kama ulikwenda kanisani Jumapili, ulisikia Injili ikisomwa, na bila shaka unamjua yule mwenzetu ambaye kila siku ya mjadala hujifanya ana falsafa. Maneno hayo manne, yaani karatasi, kalamu, Injili na falsafa, asili yake ni Kigiriki. Sisi tuliyapata kwa Waarabu, nao Waarabu walikuwa wameyapata kwa Wagiriki, mengine kwa kupitia lugha za jirani. Injili kwa Kigiriki ni evangelion, maana yake habari njema.

Wagiriki wanaojulikana na wengi wetu ni wale wa kale: Socrates na maswali yake, Zeus na miungu wenzake wa mlima Olympus. Hao leo nawaacha wapumzike. Ninalotaka kueleza liliwapata wajukuu wao, tena si zamani sana, na linatuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili ambao kila muhula tunagombana juu ya Sheng na Kiswahili sanifu. Kwetu ugomvi huisha kengele ya chakula inapolia. Kwao watu walikufa.

Mambo yalianza hivi. Kigiriki cha kale kilikuwa na lahaja nyingi, na iliyopewa heshima kubwa ni ile ya mji wa Athens. Baada ya Alexander Mkuu kuteka nchi nyingi (alifariki mwaka 323 kabla ya Kristo), kikaenea Kigiriki chepesi cha masoko na bandari, kikaitwa koine, yaani lugha ya wote. Agano Jipya liliandikwa kwa koine hiyo. Lakini hata wakati ule walikuwapo wasomi waliokunja pua, wakisema hiyo ni lugha iliyoharibika na waandishi warudie ile safi ya Athens ya karne kadhaa nyuma. Kumbe malalamiko kwamba vijana wameharibu lugha yana miaka elfu mbili!

Mwaka 1453 Waturuki waliuteka mji wa Constantinople, na Wagiriki wengi wakawa chini yao kwa karibu miaka mia nne. Lugha ya watu ikaendelea kubadilika, ikaokota maneno njiani kama lugha yoyote iliyo hai. Mfuko wa nguo ukaitwa tsepi, neno la Kituruki. Mlango ukawa porta, neno la Kilatini. Jikoni ndiko kulijaa zaidi: majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali ni dolmades, na vile vidonge vya nyama ya kusaga ni keftedes, ambavyo kwa jina na kwa umbo vina undugu na kofta tunazozijua pwani.

Wagiriki waliasi mwaka 1821, na mwaka 1830 dola yao ikatambuliwa na mataifa makubwa ya Ulaya. Sasa swali likaja: taifa jipya litaandika kwa Kigiriki kipi? Kile cha mababu hakuna mtu anayekizungumza. Kile cha mama sokoni, ati kimejaa Uturuki. Msomi mmoja aitwaye Adamantios Korais, aliyezaliwa Smyrna mwaka 1748 na kuishi Paris, alikuwa ameshauri njia ya katikati: chukua lugha ya watu, uichambue kama mchele, utoe mawe ya kigeni. Lugha iliyotokana na mawazo hayo ikaitwa katharevousa, yaani iliyosafishwa. Ile ya watu ikaitwa dimotiki. Kwa maoni yangu Korais hakuwa na nia mbaya, lakini waliomfuata walipenda kupeta kuliko kula. Kila mmoja alitaka aonekane msafi kumshinda mwenzake, mpaka maandishi ya serikali yakawa kitendawili kwa mwananchi wa kawaida.

Chukua mfano wa chakula, maana ndipo jambo hili linapoeleweka upesi. Mkate kwa watu ni psomi, lakini ukiandika kisafi ni artos. Samaki ni psari, kisafi ni ichthys. Divai ni krasi, kisafi ni oinos. Maji ni nero, kisafi ni ydor. Mtoto alikuwa akila psomi nyumbani, akifika shuleni anaambiwa kitu hicho hakipo, kuna artos tu. Hebu fikiria unaandika insha juu ya chajio na kila neno la mezani kwenu linapigwa mstari mwekundu!

Lililonichekesha zaidi ni hili. Yale maneno ya sokoni hayakuwa ya kihuni hata kidogo. Psomi limetokana na psomion, kipande au tonge, nalo limo katika Injili ya Yohana, pale Yesu anapompa Yuda tonge. Psari limetokana na opsarion, kitoweo cha kulia mkate, nalo limo katika Injili hiyo hiyo, katika habari ya yule mtoto mwenye mikate mitano na samaki wawili. Krasi ni kuchanganya, kwa sababu Wagiriki wa kale walitia maji katika divai yao. Kwa hiyo mama wa sokoni alikuwa akisema maneno ya Injili bila kujua, na mwalimu akimkatia mwanawe alama.

Ugomvi ulipamba moto mwaka 1888, wakati Yannis Psycharis, aliyekuwa akiishi Paris, alipotoa kitabu chake Safari Yangu kwa dimotiki, akadai kwamba hii ndiyo lugha halali ya taifa. Kisha ikaja ile habari ya Injili. Malkia wa Ugiriki, Olga, ambaye alizaliwa Urusi, aliwatembelea askari waliojeruhiwa katika vita vya mwaka 1897 dhidi ya Waturuki, akagundua kwamba hawaielewi Injili inaposomwa. Akaagiza itafsiriwe. Mnamo 1901, mfanyabiashara Alexandros Pallis, aliyekuwa akikaa Liverpool huko Uingereza, naye akatafsiri Injili ya Mathayo kwa dimotiki, na gazeti la Akropolis likaanza kuichapisha kipande kipande.

Jamani, moto uliwaka! Wanafunzi wa chuo kikuu cha Athens, si wazee, wanafunzi, walisema huku ni kulitukana Neno la Mungu na taifa. Wengine walishuku mkono wa Urusi kwa sababu ya malkia. Novemba 1901 wakakusanyika na umati mkubwa penye nguzo za lile hekalu la kale la Zeus, wakitaka watafsiri watengwe na kanisa. Jeshi likaitwa, risasi zikafyatuliwa, na watu wanane wakafa. Waziri Mkuu Georgios Theotokis akajiuzulu, na askofu mkuu wa Athens pia. Nimejaribu kuwaelewa wanafunzi wale. Walikuwa taifa dogo na maskini, tena lililokuwa limeshindwa vitani miaka minne tu nyuma, na fahari waliyobaki nayo ni lugha ya mababu. Mtu akikugusa hapo unaweza kupoteza akili. Lakini waliipigania Injili isieleweke, na hilo bado linanishinda.

Miaka miwili baadaye, 1903, tamthilia ya kale ya Aeschylus, ile inayosimulia kisasi cha Orestes kwa mama yake, ilichezwa katika lugha nyepesi kidogo, na damu ikamwagika tena. Katiba ya mwaka 1911 ikaweka ulinzi kwa lugha rasmi ya serikali, yaani katharevousa. Mwaka 1917 dimotiki ikaruhusiwa katika shule za msingi, kisha serikali ikabadilika ikaondolewa, kisha ikarudi. Wanafunzi walikuwa kama mpira. Wakati huo huo washairi walikuwa wameshaamua: Giorgos Seferis aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1963, na Odysseas Elytis aliyeipata 1979, wote walitumia lugha ya watu.

Waliokuja kuiua katharevousa ni marafiki zake. Wanajeshi waliponyakua serikali mwaka 1967 waliikumbatia na kuilazimisha shuleni, wakaitumia katika hotuba na amri zao mpaka watu wakaichoka pamoja nao. Walipoanguka mwaka 1974, haikuchukua muda. Mwaka 1976 sheria ikaifanya dimotiki lugha ya elimu. Mwaka 1982 serikali ikafuta zile alama ndogondogo zilizowekwa juu ya herufi, ambazo kwa karne nyingi hazikuwa zikibadilisha matamshi lakini kila mtoto alilazimika kuzikariri. Ikabaki alama moja tu, ya kuonyesha mkazo. Nadhani siku hiyo madarasani palikuwa na sherehe.

Hata hivyo, wasafishaji hawakwenda mikono mitupu. Walikuwa wameunda maneno mengi kwa mizizi ya Kigiriki, na watu wakayapenda. Basi la abiria ni leoforio, yaani kibeba-watu. Posta ni tachidromio, mahali pa wenye mbio za haraka. Maneno hayo leo anayasema hata mtoto asiyejua kwamba kulikuwa na ugomvi. Kanisani nako Injili bado husomwa kwa koine ile ile ya kale.

Na ukienda Athens ukapita penye duka la mkate, kibao cha mlangoni mara nyingi kimeandikwa artopiio, kwa kisafi kabisa. Wenyeji wenyewe hupaita fournos, yaani kwenye tanuri. Wanaingia chini ya kibao kile, wanasalimia, na wanaomba psomi.