Maji Moto ya Panyimur na Usalama wa Mgeni

Kwa anayetoka Arua au Koboko, nchini Uganda, chemchemi za maji moto zipo Panyimur, wilayani Pakwach, karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert. Msafiri hushuka kupitia Nebbi mpaka sakafu ya Bonde la Ufa. Huko maji ya mvua huzama kwenye nyufa za miamba, hupata joto chini sana, kisha hupanda tena na kuchomoza Amoropii, Okumu na Avuka.

Maji yanayoruka hewani hayapo Panyimur. Anayeyataka huenda Sempaya, katika Hifadhi ya Semuliki, au Ziwa Bogoria nchini Kenya. Sempaya maji hutokota waziwazi, mvuke hufuka, mayai huiva humo kwa dakika chache, na mgeni hutembezwa na mwongozaji. Hatari inaonekana kwa macho.

Panyimur maji yametulia, na utulivu huo ndio unaodanganya. Amoropii joto hukaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na maji ya kiasi hicho huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Mtoto huungua upesi zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuoga aoge mbali na jicho la chemchemi, mkondo ulikokwisha kupoa, baada ya kuwauliza wenyeji. Mtoto ashikwe mkono muda wote.

Pembeni mwa chemchemi yoyote ardhi si ya kuaminika. Gamba jeupe la chumvi huonekana gumu, kumbe chini yake pana tope la moto. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuunguzwa na maji ya namna hii, baadhi yao baada ya kuacha njia. Njia iliyokanyagwa na wengi ndiyo ya kufuata, tena kwa viatu vilivyofunika mguu.

Harufu ya mayai viza kwenye chemchemi ni ya gesi ya salfa. Ikizidi, pua hufa ganzi na kuacha kuinusa, hivyo mtu asiiname wala kuketi kwenye mashimo yenye mvuke. Maji yenyewe yasinywewe, maana hubeba chumvi na madini mengi.

Aliyeungua avuliwe haraka pete na nguo zisizogandamana na ngozi, kisha amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na majivu huzidisha madhara. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa akimbizwe hospitali ya Nebbi, au ya rufaa ya Arua ikiwa ameungua sehemu kubwa.