Kibati, filta haitupwi kabla ya kupasuliwa

Ukipita Kibati kwa gari huwezi kuziona. Sharti ushuke, uzunguke nyuma ya gereji, upande unaotazamana na mlima, ndipo utakuta waya umekazwa kati ya nguzo mbili, na juu yake vipande virefu vya karatasi nyeusi yenye mikunjo, vimebanwa kwa vibanio kama nguo za mtoto mchanga. Kila kipande kina kijikatoni kilichoandikwa namba ya gari kwa kalamu ya wino. Nilikuwa nimekwenda kule kwa habari nyingine kabisa, ya bei ya mawe ya kujengea. Habari hiyo niliimaliza, lakini zile karatasi zilikataa kunitoka kichwani, nikarudi.

Ni matumbo ya filta za oili. Mwenye gereji, mtu wa makamo ambaye wateja wote humwita Muzee na ambaye hakutaka jina lake liandikwe, hatupi filta iliyokwisha kazi kabla ya kuipasua na kuisoma. Mafundi wengi wa Goma wakifanya vidanji, yaani kubadilisha oili, huitoa ya zamani, huitupa kwenye rundo, hufunga mpya, kazi imekwisha. Wapo hata wasiofunga mpya. Yeye tabia ya kupasua aliitoa uwanja wa ndege wa Goma, enzi zile akiwa kijana wa kushika spana kwa fundi wa ndege ndogo za pistoni. Kwa ndege hizo, kupasua filta kila oili inapobadilishwa ni sehemu ya kazi, kwani injini ikianza kujitafuna angani hakuna pembeni pa kuegesha. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, tajiri wake akahamia kwingine, naye akabaki na spana na hiyo tabia.

Nilimwomba nione kuanzia mwanzo. Gari lililokuwepo siku hiyo lilikuwa Toyota Hilux, pikapu ya injini ya 3L, inayobeba viazi na kabichi kutoka Kibumba. Alifungua filta, akaifudikiza juu ya kopo mpaka ikaacha kudondoka. Kisha akachukua patasi na nyundo ndogo, akatoboa ganda karibu na kitako, akaingiza mkasi wa bati na kuzunguka nao polepole. Nilimuuliza kwa nini asitumie msumeno wa chuma, angemaliza mapema.

“Musumeno hapana, mama. Musumeno unatema chuma. Kesho utakuta chuma ndani ya karatasi, utamwambia mwenye gari moteri yake inakufa, kumbe ni musumeno wako.”

Ganda lilipoachia, akatoa kile kifurushi cha karatasi, akakata kingo zake mbili kwa wembe, akakibana taratibu katikati ya mbao mbili ili oili itoke, kisha akakifungua mkunjo kwa mkunjo mpaka kikawa mkanda mrefu. Mkanda ule haukusomwa siku hiyo. Ulipanda kwenye waya. Aliousoma mbele yangu ni wa gari jingine, uliokuwa umekwisha kukauka. Aliutandaza juu ya bamba la lava lililo sawa, akajiweka jua likiwa mgongoni, akainama hata pua ikakaribia kugusa karatasi.

Kwanza anatumia sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, kaivisha mfuko wa plastiki ili akishaipitisha ageuze mfuko na kumwaga kilichonasa. Kinachonasa kwa kawaida ni chuma: ringi, silinda, kamshafti. Kinachobaki kikimetameta cheupe ni aluminiamu, yaani pistoni. Kikiwa na rangi ya shaba, Muzee hunyamaza kidogo kabla ya kumwita mwenye gari, kwa sababu hizo ni beringi za krankishafti, zimelika mpaka tabaka la chini limeanza kutokeza.

Halafu kuna kitu cha nne, na hiki ndicho kilichonirudisha Kibati. Ni unga wa kijivu usiometameta. Sumaku peke yake inaweza kukudanganya hapa, maana mawe ya volkano yana madini ya chuma ndani yake na unga wake hunasa nusunusu. Kwa hiyo Muzee huuokota kwa ncha ya kidole, akausugua juu ya kipande cha kioo cha gari kilichovunjika, sikio likiwa karibu. Aliniacha nami nijaribu kwa kidole changu. Ulilia, kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na kioo kilipofutwa kikabaki na mikwaruzo. “Huu ni mulima,” alisema. “Mulima uko ndani ya moteri.”

Kibati iko mguuni pa Nyiragongo, kilomita zipatazo 12 kaskazini mwa Goma, na barabara namba 2 ya taifa inayokwenda Rutshuru inapita katikati. Msomaji wa huku hana haja ya kusimuliwa usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava iliposhuka na kuikata barabara hiyo, wala jinsi njia ilivyofunguliwa juu ya lava yenyewe. Tangu hapo magurudumu ya maroli yanaisaga. Pembeni, vijana na akina mama wanapasua mawe kwa nyundo kuanzia asubuhi, na kiangazi cha Juni hadi Agosti kikifika majani ya migomba hugeuka kijivu. Vumbi linaloonekana likipepea ndilo watu wanaloliogopa. Linaloua injini ni dogo zaidi: chembe za maikroni 5 hadi 20, wakati unywele wa mtu una kama 70. Zikiwa na ukubwa huo zinatosha kabisa kuingia katikati ya ringi na silinda, pale ambapo utando wa oili ni mwembamba, na kila pistoni ikipanda na kushuka zinakwangua. Unga ule ambao Muzee aliukuta kwenye filta ya oili haukuingia na oili. Uliingia na hewa.

Ndiyo maana hoja yake, aliyoirudia kwangu mara nyingi bila kuchoka, ni kwamba watu wa barabara hii wanachagua oili kwa uangalifu kuliko wanavyochagua filta ya hewa, na hapo ndipo wanapopoteza magari. Baada ya kuziona karatasi zake, miye namwamini.

Tukiwa bado tumesimama, dereva wa ile Hilux alikuwa amechomoa filta ya hewa na kuipigapiga kwenye tairi.

“Kijana, unaipiga kwa kosa gani?”

“Natoa vumbi, Muzee.”

“Umetoa ile kubwa. Ile ndogo umeifungulia mulango.”

Akamwonyesha. Karatasi ya filta ya hewa ikishashika vumbi kiasi, vumbi lenyewe husaidia kuchuja, na ndiyo sababu filta iliyochafuka kidogo inazuia vizuri kuliko mpya. Ukiipiga, mikunjo inapasuka mahali usipopaona, na ukingo wake wa mpira unapinda usikae tena sawasawa kwenye nyumba yake. Kuipuliza kwa upepo wa kompresa kutoka nje kwenda ndani ni kubaya zaidi. Kisha akafanya jambo ambalo kila mwenye pikapu anaweza kulifanya mwenyewe bila kifaa chochote: alifungua bomba linalotoka kwenye nyumba ya filta kwenda kwenye injini, akaingiza kitambaa cheupe na kufuta ndani. Upande huo hewa imekwisha kuchujwa, kwa hiyo kitambaa kilipaswa kutoka safi. Kilitoka kijivu. Bomba la mpira lilikuwa na ufa chini, umefungwa kwa ukanda wa chamburera, na filta mpya ambayo yule kijana alikuwa ameinunua Goma kwa fedha yake isingemsaidia kitu, kwani hewa ilikuwa ikipita kwenye ufa.

Nasema fedha yake, kwa sababu gari si lake. Tajiri yuko mjini na anangoja hesabu ya jioni. Oili tajiri analipa, akiona bidoni. Filta na mipira haimhusu mpaka injini ife. Nilimuuliza kijana kama tajiri aliwahi kuonyeshwa moja ya zile karatasi. Alicheka tu, hakujibu, na Muzee naye akajifanya hakusikia.

Wateja wanapouliza “Muzee, niweke mafuta gani ya moteri?” wanataka atamke jina la kampuni. Hatamki. Anageuza bidoni upande wa nyuma na kutafuta herufi ndogo za API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Herufi ya kwanza ikiwa C, oili imekusudiwa dizeli. S ni ya petroli. Daraja la CF-4, ambalo bado linauzwa sana huku, lilianza 1990 na API yenyewe imekwisha kuliondoa kwenye orodha ya yanayotumika. CI-4 lilianza 2002, lina nguvu zaidi ya kubeba masizi, na ndilo analoliomba kwa injini hizi za zamani. Magari ya 3L na Land Cruiser za 1HZ huichafua oili haraka kwa jinsi yanavyochoma mazutu. Kwa hiyo oili kuwa nyeusi baada ya siku chache hakumshtui. Masizi yamo ndani ya oili, hayajaganda kwenye chuma, ndiyo kazi yake hiyo. Kinachomshtua ni oili ya dizeli kuukuu iliyotembea kilomita 3,000 na bado inang’aa. Hapo huanza kuuliza bidoni ilinunuliwa wapi.

Kuhusu namba, ana msimamo. Namba iliyo mbele ya W huonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi ambayo Kibati haitaiona. Watu huidharau kwa sababu hiyo. Lakini kijiji kiko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya ukungu ni ya baridi, na sekunde zile za kwanza, kabla oili haijapanda juu ya injini, ndizo zinazokwangua. Kwa injini yenye ringi nzima anachagua 15W-40. Injini inayokula oili anaiwekea 20W-50, na humwambia mwenyewe waziwazi: “Hiyo siyo dawa. Ni kungojea.” Kubadilisha ni kila kilomita 5,000, na kwa wanaobeba mawe 3,000. Kwa kuwa magari mengi dashibodi zao hazihesabu tena, hupiga hesabu kwa safari za Kibumba, mistari minne na mmoja wa kukata, kwenye daftari la shule.

Filta ya oili nayo haaminiwi kwa rangi ya boksi. Alinionyesha mbili zilizopasuliwa, nje zinafanana kabisa, maandishi ni yaleyale. Moja ilikuwa na mikunjo pungufu kwa karibu theluthi, na vali ya ndani, ile inayopaswa kufunguka pale tu karatasi inapoziba, ilikuwa na springi laini unayoibonyeza kwa kidole kidogo. Maana yake oili inapita pembeni ya karatasi wakati wote bila kuchujwa. Kumbe mwenye gari alikuwa amelipia kopo. Kuhusu mazutu ya Kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, ushauri wake ni mfupi: legeza kiskurubu cha chini cha filta ya mazutu kila Jumamosi, umwage maji.

Kuna jambo moja ambalo bado silikubali wala silikatai. Akimaliza kumimina oili, Muzee hutoboa bidoni kwa msumari, mara tatu, palepale mbele ya mteja, ili isije ikarudi sokoni na oili iliyochujwa kwa kitambaa na kifuniko kipya. Mama mmoja aliyekuwa akingoja upande wa barabara alilia aliposikia msumari.

“Papa, si ungenipa miye? Nitanawisha watoto nayo.”

“Mama, nikikupa wewe leo, kesho kutwa iko sokoni na mafuta ya uongo ndani. Siyo wewe. Kuna mtu atakuja kuinunua kwako.”

“Na akija, Papa, mbaya iko wapi? Watoto watakula.”

Kibati haina mto. Maji ya kunywa yanaletwa au yanatekwa ya mvua, na chombo chenye kifuniko ni mali. Yule mama aliondoka mikono mitupu, na Muzee aliendelea na kazi akiwa ameinamisha kichwa. Nani mwenye haki pale sikuweza kuamua.

Hakuna mto kwa sababu lava ina nyufa, na maji yote yanayoanguka huku yanazama chini kuelekea ziwa Kivu. Hapo ndipo nilipomuuliza Muzee kuhusu oili iliyotumika. Kiasi fulani huwapa wapasua mbao kwa ajili ya minyororo ya misumeno yao. Nyingine hupakwa kwenye nguzo ili mchwa wasizile. Iliyobaki imejaza mapipa mawili nyuma ya gereji, na la tatu limefika nusu.

“Mafundi wengine wanamwaga kwenye ufa wa jiwe,” alisema. “Inaingia, huioni tena. Miye sijamwaga. Lakini hakuna mtu amewahi kuja hapa kuyachukua, na pipa la nne sina. Wewe unazunguka, unaongea na wakubwa. Waulize nimwage wapi.”

Nimewauliza wawili mpaka sasa. Mmoja alinielekeza kwa mwenzake, na mwenzake akanirudisha kwa wa kwanza.