Mkanda Unapolia, Sikiliza Puli

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, matatu zinapoanza kupanga foleni kwenye steji ya Kawangware 46, kuna mlio ambao mafundi wa Barabara ya Naivasha huutambua bila kufungua boneti. Injini inawashwa, mlio mkali unatoka kwa sekunde chache, kisha unanyamaza. Dereva ameshauzoea. Abiria anadhani ndivyo gari kuukuu lilivyo. Kumbe ni mpira unaoteleza juu ya chuma, na mpira huo ukikatika kwenye msongamano wa Hurlingham, safari inaishia hapo hapo, pengine na injini pia.

Fanbelti ya gari la kisasa ni mkanda mmoja mrefu, bapa mgongoni, wenye mistari ya mpira upande wa ndani. Huchukua nguvu kwenye puli ya krankshafti, ukajipinda huku na huko katikati ya puli nyingine, ukizungusha alternata inayochaji betri, pampu ya maji inayopoza injini, pampu ya stelingi na kompresa ya AC. Si kila gari lina vyote hivyo. Zipo injini ambazo pampu ya maji huendeshwa na mkanda wa taimingi, na gari lenye stelingi ya umeme halihitaji pampu ya mafuta ya stelingi. Ndiyo maana fundi mzuri huanza kwa kuangalia mkanda unapita wapi kabla ya kusema lolote kuhusu hatari yake.

Zamani kazi hiyo iligawanywa. Mkanda wenye umbo la V, uliobuniwa na John Gates wa kampuni ya Gates huko Denver, Marekani, mwaka 1917, ulitawala injini kwa miongo mingi, na gari moja lingeweza kuwa na miwili au mitatu. Peugeot 504 zilizokuwa zikibeba abiria wa safari ndefu nchini Kenya zilikuwa za zama hizo. Mkanda wa V ukikatika njiani, dereva mwerevu angefunga kipande cha kamba au soksi ndefu ya kike kuzunguka puli, akajikokota hadi mji uliofuata. Mwaka 1979 kampuni ya Ford ilitoa Mustang yenye mkanda mmoja wa mistari unaozunguka vifaa vyote, na polepole watengenezaji wengine wakafuata. Mkanda huo huokoa nafasi na hudumu zaidi. Lakini ukikatika, vyote hufa kwa pamoja, na hakuna soksi itakayosaidia.

Dalili za kukatika hufuatana haraka. Taa ya betri huwaka kwenye dashibodi kwa sababu alternata imesimama. Usukani wenye pampu huwa mzito ghafla. Mshale wa joto huanza kupanda, na hapo dereva hana muda wa kujadiliana na makanga kama wafike mwisho wa ruti au la. Maji yasipozunguka, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na bili inayofuata huwa kubwa mara nyingi kuliko bei ya mkanda. Taa ya betri ikiwaka na joto likipanda pamoja, gari lisimamishwe na injini izimwe. Si mwendo wa "tufike tu pale mbele".

Kwa nini mlio husikika asubuhi zaidi? Betri imetoka kuwasha injini, na sasa inadai kurudishiwa umeme wake. Alternata, ambayo puli yake ndogo huzunguka mara mbili au tatu zaidi ya krankshafti, inapozalisha umeme mwingi huwa nzito kuizungusha. Mkanda uliochoka, ukiwa na umande wa baridi ya Julai juu yake, hushindwa kuishika puli hiyo na kuteleza. Betri ikishajaa kidogo mzigo hupungua, mlio unakata, na dereva anajidanganya kwamba tatizo limejitatua. Katika matatu zenye skrini, taa za rangi na spika za kutikisa vioo, alternata haipati nafuu kutwa nzima. Mkanda wake hufanya kazi ambayo mhandisi aliyeuchagua kiwandani hakuifikiria.

Mazingira nayo yana mchango wake. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na wanunuzi wengi huchukua yale yanayokaribia ukomo huo kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Gari linashuka Mombasa likiwa na kilomita chache, linang'aa, na mkanda wake huenda ndio ule liliotoka nao kiwandani. Mpira huzeeka kwa miaka na kwa joto, si kwa kilomita peke yake. Baada ya hapo linaingia kwenye vumbi la njia za ndani za Kibera, vumbi linalojipenyeza kwenye mifereji ya puli na kusaga mpira taratibu kila mzunguko. Mvua ikinyesha, vumbi hugeuka tope. Masika ya 2024, yaliyofurisha Kibera na mitaa mingine ya Nairobi, yalilazimisha madereva wengi kupita kwenye maji machafu, na maji hayo yakirukia mkanda huacha mchanga ndani yake.

Kuutambua mkanda uliochakaa kumekuwa kugumu kuliko zamani, na hapa hata mafundi wa miaka mingi hukosea. Mikanda ya zamani ya neoprini ilipasuka waziwazi. Nyufa 3 au zaidi ndani ya sentimita 7 au 8 za mstari mmoja zilitosha kuuhukumu. Mikanda ya sasa hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao hauonyeshi nyufa kwa urahisi na unaweza kuvuka kilomita 100,000 ukiwa bado mzima machoni. Wenyewe hulika kama tairi. Mistari inapungua, mkanda unazama ndani ya mifereji ya puli, na ukishapoteza takriban asilimia 5 tu ya mpira wake huanza kuteleza. Kauli ya "haujapasuka, uko sawa" haina uzito tena. Kipo kipimo kidogo cha plastiki cha kupitisha kwenye mistari hiyo, na kila gereji, hata ile ya chini ya mti, ingefaa kuwa nacho.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwingine: kubadilisha mkanda na kuacha kilichoumaliza. Mkanda hauchakai bila sababu kabla ya wakati wake. Ukiwa umelika upande mmoja, puli fulani imepinda au haiko kwenye mstari na wenzake. Ukiwa umelowa na kuvimba, kuna mafuta yanayovuja juu yake, labda kutoka kwenye sili ya krankshafti au paipu ya stelingi. Ukiwa umeng'aa kama kioo upande wa mistari, umekuwa ukiteleza kwa muda mrefu kwa sababu umelegea. Mkanda mpya ukifungwa juu ya ugonjwa huo huo utakufa kwa njia ile ile, na mteja atarudi akilalamika kuhusu spea feki wakati spea ilikuwa halali.

Kuna jaribio rahisi la kutenganisha magonjwa haya. Injini ikiwa inanguruma, mkanda hunyunyiziwa maji kidogo kwenye upande wa mistari, mikono na nguo zikiwa mbali. Mlio ukipotea kisha ukarejea, puli haziko kwenye mstari mmoja. Ukizidi, mkanda umelegea au tenshena, kifaa kinachoukaza, imechoka. Kupaka sabuni au kupuliza dawa ya kunyamazisha ni kuficha ushahidi. Tatizo husukumwa mbele kwa siku chache tu, huku uchafu ukinata zaidi.

Kazi yenyewe huanza kwa kuzima injini, kutoa ufunguo na kuiacha ipoe. Tahadhari hii si ya urembo, maana katika baadhi ya magari feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa, na vidole vikiwa karibu haitasubiri. Kisha hupigwa picha ya njia ya mkanda kwa simu. Magari mengine yana mchoro uliobandikwa chini ya boneti, lakini gari lililopita mikononi mwa wamiliki watatu mara nyingi halina. Mafundi wa Kibera upande wa Olympic na Ayany waliojifunza kazi kabla ya simu za kamera huchora njia hiyo kwa chaki au mkaa, na mchoro wao unatosha kabisa.

Tenshena ya springi huzungushwa kwa spana ndefu, mkanda ukalegea, ukatolewa kwenye puli iliyo rahisi kufikiwa, na tenshena ikarudishwa taratibu, si kwa kuachiliwa ghafla. Sasa huja dakika kumi zenye thamani kuliko kazi yote. Kila puli izungushwe kwa mkono. Beringi nzima huzunguka kimya na laini. Mbovu hukwaruza, hutetemeka au huzunguka ovyo bila ukinzani wowote kwa kuwa grisi imekwisha. Pampu ya maji itikiswe kuona kama shafti inacheza, na alama za maji yaliyokauka zitafutwe chini yake. Puli ya krankshafti nayo itazamwe. Nyingi zina duara la mpira kati ya sehemu ya ndani na ya nje, na mpira huo ukichoka, sehemu ya nje huanza kuyumba. Mifereji isafishwe kwa brashi kavu. Hapo ndipo mkanda mpya utolewe kwenye pakiti.

Namba yake husomeka. Ulioandikwa 6PK1200 una mistari 6 na urefu wa milimita 1,200. Umbali kati ya mstari na mstari ni milimita 3.56, kwa hiyo upana wake ni milimita 21 hivi. Mafundi hupanga mkanda wa zamani na mpya ubavu kwa ubavu kulinganisha, wakikumbuka kwamba wa zamani unaweza kuwa umeongezeka kidogo. Unapofungwa, upande wa mistari hukaa kwenye puli zenye mifereji na mgongo bapa kwenye puli laini. Mstari mmoja ukikaa nje ya mfereji wake, mkanda mpya unaweza kuchanika siku hiyo hiyo. Kidole kipitishwe kwenye kila puli kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Si kila gari lina tenshena ya kujirekebisha. Injini ya 1NZ ya Toyota, iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi za Nairobi, hukazwa kwa kulegeza bolti za alternata na kuisogeza. Toyota hupima ukazaji kwa kusukuma mkanda kwa nguvu ya niutoni 98, sawa na uzito wa kilo 10, na kuangalia umebonyea milimita ngapi. Wengi hutumia kidole gumba na uzoefu. Tatizo la uzoefu huo ni kwamba huelekea kukaza kupita kiasi, kwa kuwa mkanda uliokazwa sana haulii. Beringi za alternata na pampu ndizo hulipa.

Injini hiyo ya 1NZ hutumia cheni ya taimingi, ilhali dizeli ya 1KD ya HiAce hutumia mkanda wa taimingi uliofichwa ndani ya kifuniko. Huo ni mkanda mwingine, wenye kazi nyingine na muda wake wa kubadilishwa. Mwenye gari anayeambiwa "belti imebadilishwa" ana haki ya kuuliza, "Fundi, ni ipi?"

Kuna ujanja mmoja unaostahili kuelezwa kwa uangalifu. Kompresa ya AC ikikwama na mwenye gari hana fedha za nyingine, fundi anaweza kuiruka kwa mkanda mfupi, urefu ukipimwa kwa kamba iliyopitishwa kwenye puli zilizobaki. Ni suluhisho halali katika baadhi ya injini. Lazima pampu ya maji iendelee kuzunguka upande ule ule wa awali, na mkanda uikumbatie puli kwa sehemu ya kutosha. Vinginevyo gari litaondoka likiwa kimya na kuchemka kwenye mlima wa Valley Road.

Spea nyingi hutoka Barabara ya Kirinyaga mjini, ambayo wazee bado huiita Grogan. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka ya kuisimamia, lakini macho ya mnunuzi bado ndiyo kizuizi cha kwanza: maandishi yaliyochapwa vibaya, mistari isiyolingana, pakiti isiyo na namba. Mkanda wa mtumba kutoka kwenye injini ya Japani hauna maana yoyote, hata uonekane mzuri vipi, kwa kuwa umri wake haujulikani. Puli ya mtumba inaweza kufaa. Mpira haufai.

Yote haya hufanyika katika gereji za jua kali, na vijana wengi hujifunza wakiwa wameshika tochi tu. Ujuzi wao unaweza kuthibitishwa. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya gredi kwa mafundi wa magari, kuanzia gredi ya III hadi ya I. Cheti cha mitihani hiyo humwezesha fundi wa Kawangware kuomba kazi katika kampuni ambazo zamani zingemfukuza getini, na mteja anayekiulizia huwapa mafundi sababu ya kukitafuta.

Baada ya kufunga, injini huachwa inanguruma. Katika vitabu vya Toyota mkanda huhesabiwa mpya kabla ya kukimbia dakika 5 tu. Ukipita hapo una kipimo kingine cha ukazaji, chenye kulegea zaidi. Kwa magari yasiyo na tenshena ya springi, hiyo ina maana kwamba kazi haijaisha mteja anapolipa. Arudi baada ya siku chache za barabarani, bolti zikaguliwe, mkanda upimwe tena. Kilomita za siku hiyo ziandikwe kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha plasta ndani ya boneti, na mkanda wa zamani, kama ulitolewa kabla haujachanika, uwekwe kwenye buti pamoja na spana inayotosha tenshena.