Safari ya Polepole Nchi ya Mnazi: Utalipaje Kutoka Rabai Hadi Malindi?

Wikendi ndefu ikikaribia, wengi wetu tukiwa Mombasa hushika barabara ya Malindi na kwenda moja kwa moja. Lakini kuna njia nyingine, ya ndani. Unatoka na barabara ya Nairobi, ukifika Mazeras unakata kulia kuelekea Rabai, unapita Kaloleni, unatokea Mavueni karibu na Kilifi, halafu Gede, na mwisho Malindi. Ukiwa na haraka utaimaliza kwa siku moja. Sisi tunapendekeza siku mbili au tatu.

Hii ndiyo nchi ya mnazi, pombe inayogemwa kutoka kwa mti. Pia ni njia ya miji midogo yenye masoko ya miaka mingi, ambako pesa zako zitapitia mikono ya watu wengi kwa kiasi kidogo kidogo. Kwa hivyo tunakueleza utakachokuta, na namna ya kulipa bila kujipoteza wala kumuumiza anayekuuzia.

Rabai: uliza nani anapokea

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kituo cha Rabai kikaanza 1846. Leo kuna makavazi hapo. Karibu na mji kuna kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Mwaka 2008, UNESCO iliziweka kaya kadhaa za Wamijikenda kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kaya si mahali pa kujiingilia tu. Unahitaji ruhusa ya wazee na mtu wa kukuongoza. Ukiambiwa kuna ada, uliza kwa heshima inalipwa kwa nani: kikundi cha wazee, au mwongozaji mwenyewe? Kisha soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Kama ulitarajia jina la kikundi na umeona jina la mtu, simama kwanza, uliza. Huenda ni mweka hazina wao, na atakueleza bila kununa.

Kaloleni: kwa nini mnazi haungoji

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Hukata ncha ya karara, yaani shina la maua ambalo bado halijafunguka, na kuning'iniza chombo cha kupokea utomvu. Kila akirudi hukata tena kidogo ili utomvu usikauke. Shina linalogemwa halizai nazi, kwa hivyo mwenye shamba huchagua: nazi za baadaye au mnazi wa leo.

Utomvu ukitoka ni mtamu. Lakini chachu iliyo hewani na chomboni huanza kazi papo hapo. Baada ya saa chache umekuwa pombe, na ukikaa zaidi unakuwa mkali na mwisho unageuka siki. Ndiyo maana muuzaji wa mangweni hawezi kukuwekea hadi kesho. Alichogema leo lazima kiuzwe leo.

Hapa ndipo habari ya malipo inapoingia. Muuzaji wa sukari akikosa malipo, sukari bado iko dukani. Muuzaji wa mnazi akikosa malipo, mali imekunywewa na ushahidi umekwisha. Kwa sababu hiyo wengine watakuomba pesa taslimu, na wengine watakuambia "tuma kwa hii nambari" huku wakingoja ujumbe uingie. Usikasirike ukiambiwa ngoja. Ni haki yake.

Mambo mawili kabla hatujaondoka hapa. Mnazi ni pombe, na sheria inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Na dereva asionje hata kidogo, maana ule mtamu wa asubuhi nao huwa umeshaanza kuchachuka. Panga nani ataendesha kabla ya kuondoka, usingoje hadi mfike.

Kurudisha pesa si mchezo

Tunajua huduma ya kurudisha pesa zilizotumwa kimakosa imewaokoa wengi. Umekosea tarakimu moja, pesa zimeenda kwa mtu usiyemjua, unatuomba tuzirudishe. Hiyo ndiyo kazi yake.

Lakini wako wanaoitumia vibaya. Mtu ananunua, anaonyesha ujumbe, anaondoka, na akifika kona ya barabara anaomba pesa zirudishwe akidai alikosea nambari. Kwa mgema aliyepanda minazi tangu alfajiri, hiyo ni siku nzima imepotea. Huo ni wizi, hata kama ni shilingi hamsini.

Kwa upande wetu, inafanyika hivi:

- Tukipokea ombi, tunaangalia kwanza kama pesa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea. Zikiwepo, tunaweza kuzizuia huku tukifuatilia.
- Aliyepokea ana nafasi ya kusema. Akieleza kwamba aliuza bidhaa, hatuzirudishi kienyeji.
- Zikishatolewa au kutumika, kuzipata ni vigumu sana. Ndiyo maana tunasisitiza: soma jina kabla, usingoje kujuta baadaye.

Nawe muuzaji, usiamini ujumbe ulio kwenye simu ya mteja. Ujumbe unaweza kutungwa. Angalia salio lako mwenyewe. Na mtu usiyemjua akikupigia kusema "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", usitume chochote kwa mkono wako. Mwambie apige simu kwa huduma kwa wateja. Kama kweli alikosea, sisi tutalishughulikia.

Kilifi, Gede, Malindi: beba njia mbili

Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991. Kabla yake magari yalivuka kwa feri. Siku hizi ukivuka unakutana na maduka yenye till, vituo vya mafuta na ajenti kila hatua chache. Hapa ndipo pa kutoa pesa kidogo za mkononi kama zimekuishia bara.

Gede ni mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17. Ukitembea humo utaona msikiti, jumba la mfalme, visima na makaburi. Wachimbuaji walipata vyungu vya kutoka Uchina, dalili kwamba biashara ya pwani hii ilifika mbali hata kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. UNESCO iliiweka Gede kwenye orodha yake mwaka 2024. Ada za taasisi nyingi za serikali sasa hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo hakikisha una salio na bando kabla ya kufika langoni. Noti mkononi huenda zisikusaidie.

Malindi, tembea mji wa kale na sokoni kwa miguu. Embe, korosho na mabuyu hununuliwa kwa kupatana bei. Hapo sarafu na noti ndogo hufanya kazi vizuri kuliko simu, kwani kutuma shilingi ishirini mara kumi ni kazi bure.

Kabla hamjawasha gari

- Gawanyeni pesa za kikundi kwenye simu mbili. Moja ikizima chaji au ikianguka mtoni, safari haiishi.
- Toeni noti ndogo mapema, Mombasa au Mazeras. Ajenti wa kijijini huenda asiwe na pesa za kutosha jioni.
- Mahali mtandao ni hafifu, usitume mara ya pili kabla ya kuangalia salio. Mara nyingi ile ya kwanza imekwenda, ujumbe tu ndio umechelewa.
- PIN ni yako peke yako. Hata ukisaidiwa kutuma, iweke mwenyewe.
- Ukikosea nambari, tupigie mara moja. Dakika tano za kwanza zina maana kuliko saa tano za baadaye.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tunaongeza: mgema akilipwa vizuri, kesho utamkuta palepale. Safari njema.