Kwa Nini Mtoto Humwacha Mwanasesere na Kutwaa Sufuria?

Aghalabu hutokea kwamba mtoto wa mwaka mmoja hununuliwa mwanasesere wa bei kubwa, akamtazama kidogo, kisha akamwacha sakafuni na kutambaa hadi jikoni. Huko hutwaa sufuria na mwiko, na nyumba nzima ikakosa utulivu. Baba huona zawadi yake imedharauliwa. Wengine husema mtoto ni mtundu, na pengine huchapwa. Wataalamu wa saikolojia waliolichunguza jambo hili wameona kwamba uchaguzi wa mtoto una kanuni zake, nazo zaweza kupimwa.

Ugumu wa kwanza ulikuwa huu: mtoto mchanga hasemi. Robert Fantz wa Marekani aliamua kuyatumia macho yake badala ya maneno. Mtoto alilazwa chali, akaonyeshwa picha, na mtafiti akachungulia katika tundu dogo ili aone ni taswira gani iliyoakisiwa juu ya mboni, na kwa muda gani. Katika matokeo aliyoyatangaza mwaka 1963, hata watoto wasiotimiza siku tano walitazama kwa muda mrefu zaidi miduara yenye sura ya mtu au maandishi ya gazeti kuliko ile yenye rangi tupu, nyekundu, njano au nyeupe. Jicho changa halioni vema mbali zaidi ya sentimeta 20 au 30, ambao ndio umbali wa uso wa mama anyonyeshaye. Lililo wazi kwake ni mpaka kati ya weusi na weupe.

Lakini kutazama si kucheza. Mwaka 1969 Carolyn Rovee na David Rovee waliwafunga watoto wa miezi miwili hadi mitatu utepe mguuni, na utepe huo ukaunganishwa na vichezeo vilivyoning’inia juu ya kitanda. Mtoto alipopiga teke, vichezeo vilicheza. Baada ya dakika chache mateke yaliongezeka sana. Watoto wengine waliona vichezeo vivyo hivyo vikichezeshwa na mtu, nao hawakuzidisha mateke. Kilichowavutia wale wa kwanza hakikuwa mwendo peke yake, bali mwendo uliotokana nao.

Hapo ndipo sufuria inapomshinda mwanasesere. Ukiipiga kidogo hulia kidogo, ukiipiga kwa nguvu hulia kwa nguvu. Kila tendo lina jibu lake. Mwanasesere mzuri hajibu kitu.

Mtoto akikua kidogo huongeza sharti jingine: kitu kiwe bado kina fumbo. Mwaka 2015 Aimee Stahl na Lisa Feigenson waliwaonyesha watoto wa miezi kumi na mmoja kichezeo kilichoonekana kupenya ukuta, na wengine kichezeo kilichopita ukingo wa sanduku bila kuanguka. Walipopewa kichezeo hicho pamoja na kingine kipya, walikishughulikia zaidi kile kilichowashangaza. Tena, walioona kikipenya ukuta walikigonga mezani. Walioona hakianguki walikiangusha! Mzazi anayekasirishwa na mtoto aangushaye vitu hana budi kulifikiria jaribio hili kabla ya kuinua mkono.

Laura Schulz na Elizabeth Bonawitz walipata jambo kama hilo mwaka 2007 kwa watoto wa miaka minne na mitano. Sanduku lilikuwa na vishikio viwili, na kila kimoja kilichomoza kichezeo chake. Vishikio vilipobonyezwa pamoja, mtoto asijue kipi kilifanya nini, aliendelea na sanduku hilo hata alipoletewa jipya. Vilipobonyezwa kimoja kimoja, alilikimbilia jipya. Gari la betri huacha kumpendeza mtoto au hubomolewa, yamkini, kwa sababu hiyo hiyo: siri yake imo ndani.

Ama kuhusu wavulana kupenda magari na wasichana wanasesere, ubishi ungalipo. Mwaka 2002 Gerianne Alexander na Melissa Hines waliwapa tumbili vichezeo. Madume waligusa zaidi gari na mpira, majike mwanasesere na sufuria. Hata hivyo tumbili hajui kupika, kwa hiyo haielekei kwamba sufuria kwake ni chombo cha kike.

Wanafunzi wanaweza kujaribu wenyewe. Chukua makopo mawili yaliyo sawa kwa umbo na rangi, moja lenye punje za mahindi, jingine tupu. Mruhusu mtoto wa miezi minane hivi ayatikise yote mawili, kisha yawekwe mbele yake na muda wa kila moja upimwe kwa saa. Makopo yabadilishwe kulia na kushoto katika kila zamu, kwa kuwa mtoto huweza kupendelea upande badala ya kopo. Mama awepo, na vifuniko vikazwe imara: punje moja ya hindi yatosha kuziba njia ya pumzi.